Rangi za mafuta zinazokubali maji: je, zinafaa kwa picha ya kumbukumbu ya mbwa?

Kwa picha ya kumbukumbu ya mbwa mpendwa, rangi za mafuta zinazochanganyika na maji zinastahili sifa, hasa kwa sababu hazina haraka ya kukauka. Rangi za akriliki hukauka kwa dakika chache, na ule ukingo laini kati ya sikio na shingo unakuponyoka. Hizi za mafuta hubaki mbichi siku nzima au zaidi, hivyo manyoya unayalainisha kwa brashi kavu bila pupa, ukifuata yanakoelekea. Brashi huoshwa kwa sabuni na maji, na chumba hakinuki tapentaini.

Udhaifu wake ni maji hayohayo. Yakizidi, rangi hunata, hupauka, kisha hukolea ikikauka, na haishiki turubai vizuri. Yatumie kwenye tabaka la kwanza tu. Kwa tabaka za juu yake, changanya rangi na tone la mafuta ya kitani yaliyotengenezwa kwa ajili ya rangi hizi.

Seti ndogo inatosha, ila nyeusi ya kwenye tyubu iache: manyoya huonekana kama shimo. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia ya umba, upate weusi wenye uhai. Anza na macho. Sehemu nyeupe ya jicho ipake kijivu chenye kahawia. Nukta ya mwanga iwe ya mwisho. Picha ya kuigia isiwe ya flashi, maana huwasha macho kijani na kufuta rangi yake halisi, ambayo mwenye mbwa ataitafuta kwanza.

Vanishi ya mwisho isubiri miezi 6 hadi 12.