Turbo kwenye IST: gasketi nene peke yake haitoshi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni gereji, hapa Mikindani. Gari ni Toyota IST ya cc 1500, injini 1NZ-FE. Seti ya turbo niliyoifunga ilikuja na manifoldi ya ekzosi, interkula ya kupoza hewa ya turbo, mabomba, na gasketi ya silinda hedi iliyo nene kuliko ya kiwandani kwa milimita moja. Maelezo yake yanasema ukishafunga gasketi hiyo, taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, usiiguse.

Manifoldi ni nzuri, nimepitisha kidole ndani kwenye weldi sikukuta donge. Interkula nayo ni kubwa, na kwa joto letu la pwani mtaishukuru.

Sasa hiyo gasketi. Injini hii kiwandani ina kompresheni, yaani kiwango pistoni inachobana hewa, ya 10.5 kwa 1, ambayo ni kubwa kwa turbo. Nimepiga hesabu: bomba la silinda lina kipenyo cha milimita 75, kwa hiyo milimita moja ya ziada inaongeza kama cc 4.4 juu ya pistoni. Kompresheni inashuka mpaka 9.5 hivi. Imepungua, sawa, ila ile nafasi nyembamba kati ya pistoni na hedi, inayovuruga hewa na petroli viungue haraka, nayo umeipanua. Umepata huku, umepoteza kule.

Nikapanda nalo Newala kutokea Masasi, watu wanne ndani, busti, yaani presha ya hewa ya turbo, bar 0.5. Katikati ya mlima nikasikia mlio wa kokoto ndani ya kopo. Nikaachia mafuta palepale. Injini ilipopoa nikafungua plagi. Sogeza kamera hapa: mnaona kwenye kauri nyeupe, vidoa vinavyong'aa kama punje za chumvi? Hiyo ni alumini ya pistoni, ndugu zangu. Pistoni imeanza kuliwa.

Sababu ni hii. Cheche hupigwa kabla pistoni haijafika juu, maana moto unahitaji muda kusambaa. Turbo ikishindilia hewa, moto unakwenda mbio zaidi, presha inafika kileleni mapema mno, na petroli iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe. Kontrol boksi ya kiwandani, yaani kompyuta ya injini, ina sensa ya kusikia mlio huo na inachelewesha cheche, lakini inachelewesha injini ikishagonga.

Nikafunga kontrol boksi ya kupangwa. Mafundi wengi huanza kwa kuchelewesha cheche digrii moja kwa kila psi ya busti, bar 0.5 ni kama psi 7, nikaanza na digrii 7. Usizidishe kwa woga, moto utaishia kwenye ekzosi na turbo itakuwa nyekundu kama jiko la mkaa.

Turbo yenyewe naipendekeza. Ila fedha ya kontrol boksi itangulie, na kabla ya hapo pima presha ya kompresheni kwenye silinda zote nne. Ikiwa moja iko chini, usifunge kitu. Plagi za kulia ni za safari ya pili, mlima uleule, mzigo uleule. Kauri safi, haina hata kidoa.