TAHADHARI: "Bunju namba nane wa maji baridi" siyo namba nane, wala siyo wa maji baridi

Ndugu zangu wafugaji wa samaki wa mapambo, hasa tulioko Dar, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na tangazo hili: "Bunju namba nane, maji baridi, hakui, 45,000 tu." Bunju ni yule samaki anayejivimbisha akitishwa, na "maji baridi" hapa ni maji yasiyo na chumvi. Mimi nimeshaliwa hela ya watatu.

Bodaboda aliwaleta kwenye mfuko mmoja uliofungwa raba bendi, kila mmoja anafunikwa na kidole gumba. Mgongo kijani cha embe bichi, madoa meusi ya mviringo kama punje za pilipili manga, tumbo jeupe pe. Wazuri kweli, na ndiyo maana sikuuliza maswali. Kosa langu hilo nalikubali.

Wiki ya tatu mmoja tumbo likawa rangi ya majivu, mkia kaukunja ubavuni. Bunju mwenye afya ukisogelea tangi anakimbilia kiooni kama mtoto aliyesikia kengele ya baiskeli ya aiskrimu. Huyu nilimtupia uduvi akautazama tu unazama. Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu kwa sauti, tena anacheka: "Kaka, bunju si hata Tanganyika wapo? Kule kuna chumvi?"

Hapo ndipo anapowakamata watu, kwa sababu ni kweli wapo. Bunju wa Ziwa Tanganyika na Mto Kongo, Tetraodon mbu, anaishi maji baridi maisha yake yote, na anapita sentimita 60, kwa hiyo hata hilo neno "hakui" lisingemfaa. Lakini siye anayeuzwa. Nilichouziwa mimi ni Dichotomyctere nigroviridis kutoka Asia ya kusini na kusini-mashariki (vitabu vya zamani vinamwita Tetraodon nigroviridis). Huyu utotoni anavumilia maji baridi, ndiyo maana dukani anaonekana mzima, ila kadiri anavyokua anataka chumvi zaidi. Mdogo mpe maji ambayo haidromita (kipimo cha chumvi ya maji, namba ikipanda chumvi imeongezeka) inasoma 1.005 hadi 1.008. Akishakuwa mkubwa mpandishe 1.015 na kuendelea, karibu na bahari kabisa. Na anafika kama sentimita 15, siyo samaki wa bakuli la sebuleni.

Namba nane wa kweli, Dichotomyctere ocellatus, mgongo wake ni wa kahawia iliyokolea, na juu yake kuna mistari ya njano-kijani inayojizungusha kama mtu aliyeandika 8 kwa haraka. Tazama pia ubavuni karibu na pezi la mgongo na kwenye shina la mkia: kuna doa jeusi lenye duara la rangi angavu kulizunguka, kama jicho. Anaishia sentimita 8 hivi. Na hata huyo anastawi kwenye chumvi kidogo, 1.005 hivi. Kwa hiyo jamaa kadanganya mara mbili kwenye sentensi moja.

Nilipombana zaidi akaniambia nitie "kijiko cha chumvi ya mezani". Msifanye hivyo. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu, magnesi na vile vinavyoshikilia maji yasigeuke kuwa na asidi. Wala msidhani maji ya kisima yenye chumvichumvi ya huku kwetu yatafaa, kila kisima na mambo yake. Tumieni chumvi ya akwariamu ya bahari, au kama unapata maji safi ya bahari mbali na mifereji, ndoo moja kwa ndoo tatu za maji baridi yaliyotolewa klorini inakupa kama 1.006. Halafu pima, usikadirie kwa ulimi. Mimi naongeza 0.002 kwa wiki ili bakteria wa chujio, wale wanaosafisha maji, wazoee nao. Wawili waliobaki sasa wako 1.008, matumbo meupe, na wanatafuna konokono mpaka unasikia kacha kacha. Wanahitaji vitu vigumu hivyo, meno yao hayaachi kuota.

Yule wa kwanza alikufa. Nilimfukia, sikumtupa jalalani, maana paka wa jirani hachagui na sumu ya bunju haina dawa.

Kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji akutajie jina la Kilatini na akurushie video ya haidromita ikiwa ndani ya tangi wanamokaa. Huyu nilipomwomba video alinibloku. Jana nimeiona picha ileile kwa namba nyingine, beseni la bluu lenye ufa pembeni, ila sasa anawaita "bunju kibete" na bei imeshuka hadi 30,000.