Tovuti nyingi ndogo au chache zilizokomaa?

Anayetafuta kipato kwa matangazo ya mtandaoni anaweza kufungua tovuti ishirini za kurasa tano tano, kila moja ikijibu swali moja tu, kama vile namna ya kutengeneza sabuni ya maji. Au anaweza kuelekeza nguvu zake kwenye tovuti mbili na kuzijaza makala za kina. Njia ya kwanza iliwalipa wengi hadi Februari 2011, Google ilipotoa sasisho la mfumo wake wa utafutaji liitwalo Panda, kuanzia Marekani, lililoshusha kurasa zenye maudhui haba katika matokeo ya utafutaji. Machi 2024, kanuni za Google dhidi ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi ziliibana njia hiyo zaidi.

Hoja kubwa ya watetezi wake ni kugawanya hatari, ila hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyosikika, kwa kuwa tovuti hizo kwa kawaida huwa chini ya akaunti moja ya AdSense (huduma ya Google inayowalipa wenye tovuti kwa matangazo), na akaunti ikifungwa, zote hukosa malipo kwa pamoja. Gharama nazo hujirudia mara ishirini: ada ya kila mwaka ya jina la kikoa (anwani ya tovuti), masasisho ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti), nakala rudufu.

Tovuti iliyokomaa huchelewa kulipa, pengine mwaka mzima (na hapo ndipo wengi hukata tamaa), lakini hujipatia wasomaji wanaorudi wenyewe, wadhamini wanaolipa moja kwa moja na, mmiliki akichoka, mnunuzi. Tovuti ndogo ningebakiza moja tu, ya kupimia mada mpya kabla ya kuihamishia kwenye kubwa.