Bolti za alaimenti za Vigo zilizokamata kutu: uzoefu wangu na fundi wa msumeno, Mbeya

Kwa wenye haraka natoa hukumu mapema: nyota nne kati ya tano. Kazi yenyewe ni safi. Nyota moja nimeikata kwa mambo ya spea na malipo, nitayafikia. Na kama una Hilux Vigo ambayo kila fundi akiingia chini anatoka akisema "hizi zinataka nguvu tu," soma mpaka mwisho kabla hujamruhusu mtu mwingine kuigusa.

Gari ni Vigo ya 2007, dabo kebini, injini ya 2KD, 4x4. Nililinunua mkononi kwa mtu wa Tanga, na upepo wa bahari ulikuwa umeshaanza kulila kwa chini kabla halijapanda milima. Huku nako halikupumzika. Ni mbolea kwenda na viazi kurudi, kutoka Uyole mpaka Isyonje, halafu kukata kushoto kuitafuta Kitulo. Watu wengi wanailaumu mvua peke yake. Kweli mvua ya huku ni ndefu, kuanzia Novemba mpaka Mei matope chini ya gari hayapati siku ya kukauka vizuri. Lakini mimi mchawi ninayemshuku zaidi ni mbolea. Mbolea ya CAN ni chumvi, na inavuta unyevu hewani. Mfuko mmoja ukichanika, punje zinajipenyeza kwenye mianya ya bodi, zinayeyuka taratibu na kushuka kwenye chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Mwenye kubeba mbolea asiyeosha chini ya gari anajua mwenyewe anachokikuta baada ya misimu michache.

Tatizo lilijitokeza kwenye matairi. Ya mbele yalikuwa yanalika upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia, wakati upande wa nje kashata bado zipo. Usukani unavuta kushoto. Nikapeleka alaimenti, kupimwa na kunyooshwa mkao wa matairi, mashine ikaonyesha namba nyekundu kila mahali, kijana akarekebisha tai rodi akaniambia hapo ndipo mwisho wa uwezo wake, bolti za amu za chini hazizunguki.

Kwa wasiozijua: kwenye Vigo kila amu ya chini ya mbele, yaani mkono wa chuma unaoshika tairi, imeshikwa kwenye chesesi na bolti mbili ndefu, moja mbele na moja nyuma. Bolti hizo zina kisahani ambacho tundu lake halipo katikati. Ukizungusha bolti, kisahani kinasukuma amu ndani au nje, na hapo ndipo tairi linapowekwa lisimame wima au lilale, liende mbele kidogo au lirudi nyuma. Zikiganda, gari halipati alaimenti kamili hata ulipeleke kwenye mashine ya bei gani. Utalipia karatasi yenye namba nyekundu na kurudi nayo nyumbani.

Palepale wakataka kunisaidia. Wakavalisha paipu refu kwenye spana, vijana wawili wakaning'inia. Nati ikafunguka, wote tukashangilia. Bolti yenyewe haikutikisika. Ikaletwa nyundo kubwa, wakaanza kugonga ncha ya bolti irudi nyuma, na ncha ikaanza kupanuka, uzi ukalala. Hapo nikawaambia basi. Jina la gereji silitaji, na kwa kweli gereji nyingi zingefanya hivyohivyo.

Mtu wa spea pale Mwanjelwa ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa upande wa Sae. Banda la mabati, kompresa moja, jiliwa kubwa limefungwa kwenye kisiki, hakuna bango. Nilichompendea ni kwamba hakushika spana kwanza. Alisugua bolti zote nne kwa brashi ya waya, akaweka alama ya rangi nyeupe kwenye kila kisahani na chesesi, halafu akaniita niingie chini naye.

"Mzee, angalia mpira, usiangalie bolti."

Kijana wake akakaza kichwa cha bolti kwa spana, kidogo sana, upande wa kufunga. Nikaona mpira wa bushi, ule uliokaa kwenye tundu la amu bolti inapopita, unajisokota pamoja na bolti. Alipoachia spana, mpira ukarudi mahali pake na bolti ikarudi nao.

"Umeona? Nati haina kosa. Bolti imeoana na bomba la bushi. Hata ukileta watu kumi, wanasokota mpira tu."

Hilo ndilo lililonifumbua macho. Ndani ya mpira wa bushi kuna bomba la chuma, na bolti inapita ndani ya hilo bomba ikiwa imebanana nalo urefu wote. Maji ya chumvi yakiingia, kutu inaota katikati yao, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo inajibana yenyewe. Dawa ya kupulizia ina milango miwili tu ya kuingilia, huku na huku mwishoni, na kote kumezibwa na visahani. Nilikuwa nimeshamwaga makopo ya kutosha kabla ya hapo. Kuna wanaoapa kwa mchanganyiko wa ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni, wengine maji ya breki, wengine dizeli. Kwenye nati ya yu-bolti ya nyuma au ya shokapu, yote hayo yanasaidia ukiyapa usiku mmoja na kugongagonga kidogo. Kwenye bomba la bushi lililokamata namna hii, mimi naona ni kumpaka mafuta mtu aliyevaa koti.

Akanipa njia mbili. Ya kwanza ni gesi: unachoma bushi mpaka mpira unaungua wote, amu inatoka, kisha unapambana na bomba lililobaki kwenye bolti. Ni ya haraka na ya bei nafuu, na fundi wa gesi alikuwa jirani yake kabisa. Lakini mwenyewe hakuipenda, na sababu zake zilikuwa za mtu anayeijua kazi. Pale karibu kuna paipu ya breki ya mpira, kuna waya wa sensa ya ABS, kuna buti ya drafti (mpira unaofunika shafti ya kuzungusha tairi), na kuna shokapu ya gesi. Shokapu ya gesi ikipashwa moto inaweza kulipuka, na ukiwa umelala chini yake huna pa kukimbilia. Njia ya pili ni kukata bolti kwenye ule mwanya mwembamba kati ya bushi na sikio la chesesi, huku na huku, amu ikatoka na kipande cha bolti tumboni mwake. Hapo unakubali tangu mwanzo kwamba unanunua bolti mpya na bushi mpya. Akasema wazi: "Kama hutaki kununua bushi, tusianze."

Tukakubaliana kukata. Ufundi, laki moja na ishirini kwa pande zote mbili, bushi na bolti juu yangu.

Kukata ndiko nilikokaa kukutazama kuliko kitu kingine. Gari likapandishwa kwenye jeki na kuwekwa juu ya stendi, akatoa tairi, akafunika buti ya drafti na paipu ya breki kwa gunia lililoloweshwa. Grainda haiingii pale bila kula sikio la chesesi, na ukishalila hilo umeharibu kitu kisichouzwa dukani. Yeye alitumia msumeno wa umeme ule wa kwenda na kurudi, wenye bledi ndefu nyembamba inayopinda kidogo ikiegemea. Mwendo wa polepole, kijana anadondoshea oili, na kila baada ya muda anatoa bledi na kuigusa kwa kidole kama imepata moto. Bolti hizi ni ngumu kweli. Ukikimbiza msumeno, meno yanaungua na bledi inabaki kuteleza tu. Bolti ya kwanza ilikula bledi mbili. Vumbi la chuma lilikuwa linaanguka jeusi, likifika kwenye kutu linageuka kahawia, likipita linarudi jeusi, na kwa rangi hiyo alikuwa anajua amefika wapi bila kuchungulia.

Bolti za mbele zilimsumbua zaidi kwa sababu raki ya usukani imekaa njiani. Alifungua bolti za raki akaisogeza ili vichwa vipate pa kutokea. Fundi anayekuambia atazitoa bila kuigusa raki, muulize anapitishia wapi.

Amu zilipotoka alipeleka jiliwani kipande kimoja ili anionyeshe. Akapasua bomba la bushi kwa urefu kwa grainda, akatia tindo, likafunguka. Ndani hapakuwa na bolti na bomba tena, palikuwa na kitu kimoja cha kahawia chenye matabaka. Kile kipande nimekihifadhi. Kila anayeniambia "ungepaka tu oili" namkabidhi akishike.

Sasa malalamiko. Fundi aliniambia bolti zipo Mwanjelwa. Zilikuwepo za nyuma tu. Za mbele zikabidi ziagizwe Kariakoo zije na basi, na wakati huo gari halina mguu, liko juu ya stendi kwenye banda la watu, msimu wa viazi umefunguka. Angepiga simu mbili kabla ya kukata, tungeokoa wiki nzima. Pili, bledi. Siku ya kuchukua gari nikakuta elfu arobaini ya bledi imeongezwa juu. Sipingi kwamba zilitumika, niliziona zikiisha kwa macho yangu. Ila jambo la namna hiyo linasemwa siku ya kwanza, haliletwi mteja akiwa ameshika ufunguo. Nilipomwambia alicheka, akasema "haya mzee, lete thelathini." Nikatoa, lakini nyota haikurudi.

Kwenye ununuzi wa spea nina neno. Bolti chukueni pamoja na visahani vyake, seti kamili, kwa sababu cha zamani kikishaliwa kwenye ukingo hakitasukuma amu sawasawa. Nendeni na cha zamani mfukoni mlinganishe unene. Mimi nilipewa kwanza seti yenye visahani vyembamba kuliko vya zamani, nikairudisha, na muuzaji hakubisha. Bushi za bei ya chini kabisa nazikwepa. Hapa mtu analipia ufundi mkubwa kuliko mpira wenyewe, hivyo kuokoa elfu kumi kwenye mpira ni hesabu mbaya.

Kwenye kufunga, fundi alinifurahisha tena. Alipaka grisi ya shaba urefu wote wa bolti na ndani ya bomba la bushi. Grisi ya kawaida nayo ni afadhali kuliko kuingiza kavu, ila maji yanaiosha mapema zaidi. Halafu nati hakuzikaza mwisho gari likiwa juu. Alizishikiza tu, akarudisha tairi, akashusha gari, akalitikisa mara kadhaa likae kwenye urefu wake wa kawaida, ndipo akaingia chini kukaza. Ukikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unashikwa ukiwa umepinda, na likishushwa unakaa umesokotwa muda wote. Bushi mpya inachanika mapema na lawama anapewa aliyeiuza. Ukitaka kumpima fundi yeyote wa chini ya gari, muulize tu atazikaza likiwa wapi.

Alama zake za rangi nyeupe zilisaidia gari lifike kwenye alaimenti bila kula tairi njiani. Safari hii yule kijana wa mashine alizungusha bolti kwa spana ya kawaida, mkono mmoja, na namba zikawa kijani moja baada ya nyingine. Usukani umenyooka. Nimeshuka nalo Tukuyu na kurudi, nimepanda nalo Kitulo likiwa na mzigo, na tairi jipya linalika sawa pande zote. Mlio wa "ko" niliokuwa nausikia nikikanyaga breki kwenye mashimo nao umekwisha. Bado kuna kelele ndogo mbele nikipita kwenye tuta kwa upande mmoja, fundi anasema ni linki za stebilaiza, na ninamwamini.

Jumla imenitoka zaidi ya nilivyopanga, lakini ukiweka na bei ya matairi mawili niliyokuwa nayamaliza kila msimu, sina majuto. Anayefaa kumtumia fundi huyu ni mwenye gari ambalo limeshashindikana kwingine na anayeweza kulikosa kwa siku kadhaa. Mwenye haraka ya mzigo wa kesho, au mwenye bolti inayozunguka bado hata kwa shida, aanze na brashi, oili na subira. Na kabla msumeno haujawashwa, spea zote ziwe mezani, za mbele na za nyuma.

Sheko za nyuma, vile vishikio vya springi, nazo ameshaziangalia. Pini moja imekamata, akaipaka dawa na kuniambia nilirudishe gari viazi vikishatoka shambani. Bei ya ufundi tumeshasemezana, na safari hii bledi nakwenda nazo mwenyewe.