Mradi wa nyumba mpya huku Muriet, Arusha: nyumba safi, pa kutembea hakuna

Jina la kampuni siliweki, tuongelee kazi yenyewe. Nyumba ni za vyumba vitatu na kwa kweli sina neno, kuta zimenyooka, vigae ukivigonga havina uwazi chini, maji yanatoka, kila nyumba ina mita yake ya umeme na fundi wao ukimpigia anakuja. Nyumba peke yake nawapa nyota tano. Barabara nawapa mbili, na nitawaambia kwanini maana hili jambo linaniuma sana.

Barabara ya ndani ina mita 10 toka ukuta hadi ukuta, lami mita 6, nimepima na tepu, kwahiyo kila upande zinabaki mita 2. Sasa mita 2 si haba jamani, mita moja na nusu mtu na mwenye kiti cha magurudumu wanapishana vizuri tu bila mmoja kushuka barabarani, na nusu mita iliyobaki ni ya mtaro. Ila njia ya miguu hawakuweka. Upande mmoja mtaro uko wazi, upande wa pili kila mwenye nyumba kafanya anavyojua, huyu kapanda ukoka na maua, yule kamwaga zege la kupandishia gari limeinuka mpaka goti, anayefuata kapanga mawe makubwa watu wasipaki kwake. Nyumba tatu mfululizo huwezi kupita bila kushuka kwenye lami, na kwenye lami ndio kuna bodaboda.

Mwezi wa sita na wa saba saa kumi na mbili asubuhi bado kiza, na watoto wa shule ndio saa yao ya kutoka, wanatembea pembeni ya lami mmoja nyuma ya mwenzake huku pikipiki zinawapita karibu kabisa na mabegi. Kuna bibi jirani yetu anatumia kiti cha magurudumu, duka la Mangi liko pale pale karibu lakini mjukuu wake inabidi amsukume katikati ya barabara. Masika ndio balaa, maji yanashuka kwa kasi, mtaro unajaa na hujui lami imeishia wapi.

Na wanajua kufanya vizuri! Pale mbele ya nyumba ya mfano, wanapowapeleka wateja, wameweka pevingi safi na kabstoni, yale mawe ya ukingo wa barabara, mtaro umefunikwa na slabu za zege, yaani muda wote utakuta watu wamejaa hapo, mama wa mbogamboga na ndoo yake, watoto, wazee. Halafu kwenye kona tu inakata.

Nilienda ofisini kuuliza, dada wa mauzo akanijibu kwa heshima kabisa kuwa njia za miguu serikali italeta baadaye. Ni kweli barabara za mitaani mjini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, toka 2017, lakini watu wakishajenga mageti na kuinua mbele kwao kila mmoja kwa kimo chake, atakayekuja kujenga njia itabidi avunje vya watu, na hapo ni kesi. Kabla ya nyumba ya kwanza kuuzwa ilikuwa kazi rahisi, unafunika mtaro, unaweka usawa mmoja toka kona hadi kona, pa kuingilia gari unashusha kabstoni tu na njia yenyewe inabaki ilivyo.

Miji mingi ya Marekani mwenye mradi anajenga njia ya miguu kwa hela yake ndio apitishiwe. Na sisi michoro inapitishwa na halmashauri, Sheria ya Mipango Miji ipo toka 2007 na ya Watu wenye Ulemavu toka 2010, kwahiyo pa kuwabania papo, mchoro usiwe na saini mpaka njia ya miguu ionekane na vipimo vyake.

Awamu ya pili ndio kwanza wanachonga barabara. Kama unataka kununua, kabla hujalipa hata advansi omba mchoro uliopitishwa, angalia upana wa barabara na wapi mtu wa miguu anapita, wakikuambia itakuja waandike kwenye mkataba na tarehe. Sisi wa awamu ya kwanza tumeshaandika barua kwa afisa mipango miji, wenye nyumba wengi wamesaini, na wawili kati ya wale waliopanga mawe wameshakubali kuyatoa.