Msosi wa Kiindonesia Kirumba: dagaa wetu wametendewa haki

Wakuu, juzi nimeenda kula kwa yule mama Mindonesia wa Kirumba, hapa Mwanza, ni uani kwake tu, meza tatu chini ya mwembe, bango hana, ukifika mtaani uliza "kwa Ibu" utaonyeshwa. Ibu kwao ndo mama, na ndo anavyotaka aitwe.

Nilienda nikijua nakula Kichina, nikaumbuka. Nikaagiza nasi goreng, wali wa kukaanga na sosi ya soya nyeusi tamu na yai juu, elfu nane, mtamu ila kiporo hata kwetu tunakaanga kwahiyo sikushtuka sana. Kilichonimaliza ni sambal, pilipili yao ya kusaga. Kwao wanaweka visamaki vikavu vinaitwa teri, huku havipo, basi yeye kashuka zake soko la samaki Mwaloni kachukua dagaa, kawatoa vichwa, kawakaanga mpaka wanalia kacha kacha mdomoni, kachanganya na karanga, sukari kidogo na pilipili aliyoisaga kwenye jiwe. Mimi mtoto wa Igombe, dagaa nimekula tangu sina meno, sijawahi kuona wanaheshimiwa hivi. Jasho linatoka, kamasi zinatoka, na mkono hauachi kurudi kwenye sahani.

Kuna na tempe, yani soya zimechemshwa, zimetolewa maganda, zikafungwa kwenye majani ya mgomba na ukungu wake maalum mpaka zikashikana kama kipande cha sabuni ya mche. Niliposikia neno ukungu nikasogeza sahani, wife akala zote.

Ibu naye anaongea balaa. Kabla hajaolewa huku alikuwa dada wa kazi Hong Kong, anasema hata kule kuna Victoria ila ni bustani, Victoria Park, Jumapili wadada wa Kiindonesia wakiwa ofu wanajazana pale, wanatandika chini na kila mtu na hotpoti lake, wanapiga stori mpaka jioni. Halafu akanipa na ya Suriname kule Amerika Kusini, Waholanzi walianza kupeleka Wajava, watu wa kisiwa cha Java huko Indonesia, 1890 kufanya kazi mashambani, wajukuu wapo mpaka leo na supu ya kuku wanayoiita soto kwao Java kule imekuwa saoto. Nikamuuliza, sasa hii sambal ya dagaa wa Mwaloni wewe utaiitaje, akacheka tu akaniongezea wali.

Mabaya sasa. Anapika peke yake kwenye jiko la mkaa, nimekaa dakika hamsini na njaa yangu. Wiki ya nyuma niliagiza soto kwa boda, ikafika nusu ipo kwenye mfuko, ila nilivyompigia akasema "samahani baba" akatuma nyingine bure. Umeme ukikatika soda zote za moto. Ijumaa usihangaike kabla watu hawajatoka msikitini.

Nyota nne. Mwambie pilipili nusu, nusu yake bado ni nyingi.