Kutembea kwa baiskeli kwenye mashamba ya zabibu ya Bourgogne, Ufaransa: uzoefu wangu

Niseme mapema kabisa, kama wewe ni mtu wa kukimbiza kilomita mia kwa siku na zile nguo za kubana, hii safari haikufai. Ila kama unapenda baiskeli kwa starehe, ukisikia harufu ya mkate unasimama, ukiona benchi zuri unakaa nusu saa unaangalia watu wanavyofanya kazi shambani, basi nenda Bourgogne, na usiwe na haraka hata kidogo. Mimi nimeenda na wifi yangu mwezi wa tano, wote tunaishi Ujerumani, na tangu niweke picha status watu wananiuliza inakuwaje, ni hela ngapi, na hasa hili: asiyekunywa pombe atafanya nini huko? Wifi yangu ni Muislamu wa Kondoa, hajawahi kugusa pombe maishani, na yeye ndo anasema mwakani turudi. Kwahiyo naandika yote hapa.

Huduma yenyewe iko hivi. Unalipia kifurushi kwa kampuni, wanakubukia hoteli za njiani, wanakupa baiskeli, ramani ya kwenye simu, vifaa vya kurekebisha pancha, na kila siku wanahamisha mabegi yako. Hamna kiongozi wa msafara, mnaenda wenyewe. Asubuhi begi linaachwa mapokezi kabla ya saa tatu, gari linapita linalichukua, jioni unalikuta hoteli inayofuata. Wewe unabaki na maji, koti la mvua na chakula cha mchana kwenye begi la pembeni la baiskeli. Kwa maoni yangu hicho cha mabegi ndo kitu pekee kinachostahili kulipiwa, kwa sababu hoteli unaweza kubuku mwenyewe, na baiskeli unakodi pale pale Beaune, mji wa kuanzia safari, ya kawaida ni kama euro 20 na kitu kwa siku, ya umeme inakaribia mara mbili yake. Ukiwa na nguvu na mzigo mdogo, jipangie mwenyewe uokoe hela.

Tumeanzia Beaune. Kutoka hapo kuna njia ya baiskeli inaitwa Voie des Vignes, inaenda kusini mpaka Santenay, kama kilomita 20 na ushee, na hizo kilomita 20 sisi tumezila kutwa nzima na bado nikaona tumewahi kufika. Sio barabara kubwa, ni vinjia vya mashambani vya lami na zege, unavitumia pamoja na wakulima na matrekta yao, yale matrekta ya ajabu yenye miguu mirefu yanayopita juu ya mstari wa mizabibu, tairi moja huku na nyingine kule. Unapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet, Chassagne-Montrachet, vijiji ambavyo majina yake yamo kwenye chupa zinazouzwa dunia nzima, alafu ukifika unakuta kijiji kidogo kimetulia, kanisa, duka la mkate kama lipo, paka kwenye ukuta, basi.

Sasa hapa ndo nataka nieleze kwa nini baiskeli na sio gari. Mashamba yote yako kwenye mteremko mmoja mrefu unaoangalia mashariki, jua la asubuhi linaupiga moja kwa moja. Juu kabisa kuna msitu na udongo kidogo tu juu ya mawe ya chokaa. Katikati ya mteremko ndo penyewe, pale ndo wanapata zile za premier cru na grand cru, yaani madaraja mawili ya juu ya mvinyo wa huko. Ukishuka chini kuelekea barabara kuu na reli, udongo unakuwa mzito, maji yanatuama, na mvinyo wa huko unauzwa kwa jina la kijiji au jina la Bourgogne tu. Ukiwa kwenye gari haya huyaoni. Kwenye baiskeli unayasikia magotini, unapanda kidogo gia inabadilika, rangi ya udongo inabadilika, mawe yanaongezeka, unashuka tena yanapungua. Shamba la Montrachet lenyewe ni kama hekta 8 tu, nusu liko Puligny nusu Chassagne, lina ukuta wa mawe na geti lenye jina juu yake, chupa yake ni mamia mpaka maelfu ya euro. Vuka kinjia cha upana wa trekta moja unaingia shamba lingine, jina lingine, bei nyingine. Mapande kama hayo wenyewe wanayaita climats na UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Tulisimama pale kwenye huo ukuta muda mrefu sana, wifi anachukua udongo wa huku na wa kule anafananisha kiganjani.

Kwenye kijiji kimoja tulikuwa tumeweka miadi ya kuonja kwa familia moja yenye shamba dogo (weka miadi, usijitokeze tu getini, wale ni wakulima sio hoteli). Mama mwenye shamba akatushusha kwenye ghala la chini ya ardhi, baridi, mapipa yamejipanga, ukungu mweusi ukutani. Akanimiminia glasi mbili za nyekundu. Zabibu ni ile ile pinot noir, mwaka ule ule, mtengenezaji ni yeye mwenyewe, tofauti ni kwamba moja imetoka juu ya barabara tuliyopita na baiskeli asubuhi na nyingine chini yake. Jamani ni vitu viwili tofauti kabisa! Ya chini ni laini, tamu tamu ya matunda, imeisha haraka mdomoni. Ya juu imekaa, ina kitu kama jiwe lililonyeshewa mvua, unameza na bado ipo. Na kwa sababu nilikuwa nimetoka kuupanda ule mteremko kwa miguu yangu nilimwelewa mama yule bila Kifaransa kingi.

Wifi yeye aliletewa juisi ya cassis, tunda dogo jeusi linalolimwa sana upande wa Dijon na Nuits-Saint-Georges, chachu kidogo, tamu sana. Na ndo yeye aliyeuliza maswali mengi, mnapogoaje, mnapanda kwa nafasi gani, mbolea gani, mpaka yule mama akatupeleka nje kutuonyesha. Kumbe wanabananisha, kwenye hekta moja kuna mizabibu kama 10,000, mifupi, haifiki kifuani, wanasema ikibanana mizizi inalazimika kwenda chini.

Mimi nimekulia Dodoma, zabibu kwangu ni kitu cha nyumbani, Hombolo na Mpunguzi tumezila tangu watoto. Kwetu mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka. Hawa wanavuna mara moja tu, mara nyingi mwezi wa tisa, baada ya hapo baridi inaulaza mzabibu mpaka machipuo. Na mwezi wa nne ikija barafu ya usiku machipukizi yanaungua, mwaka 2021 iliwapiga vibaya mno, wanawasha moto mdogo mdogo katikati ya mistari usiku kucha kuokoa mavuno. Nilimwambia yule mama kwetu tunavuna mara mbili, akaweka chupa chini akaniangalia. Tuna kitu jamani, Dodoma ingewekewa njia ya baiskeli kama ile na wakulima wakafundishwa kupokea wageni, watu wangekuja.

Kuhusu kunywa na kuendesha: Ufaransa kikomo ni gramu 0.5 ya pombe kwa lita ya damu na mwendesha baiskeli naye kinamhusu, polisi wanaweza kukutoza. Kuna chombo cha kutemea kila mahali pa kuonja, kitumie, hakuna atakayekushangaa, wenyewe wanatema. Onja sehemu moja kwa siku, inatosha kabisa.

Chakula ndo kinahitaji akili kwa Muislamu. Vyakula vya pale maarufu karibu vyote vimepikwa na mvinyo, nyama ya ng'ombe imechemshwa na mvinyo, mayai kwenye mchuzi wa mvinyo, ile ham ya majani ni nguruwe. Uliza kabla hujaagiza. Sisi tulitoka vizuri kwa soko, Beaune Jumamosi asubuhi soko linajaa pale katikati ya mji, jibini ya Comté, mkate, nyanya, matunda, na vile vitumbua vya jibini wanaviita gougères ambavyo ni unga, siagi, mayai na jibini tu, wifi alikula mpaka nikaogopa. Alafu mjue jiko la mgahawa linafungwa saa nane mchana, ukifika saa nane na nusu umekosa mpaka saa moja jioni, na Jumapili mchana na Jumatatu vijijini hamna kitu. Beba chakula.

Malalamiko yangu kwa kampuni ni mawili. Siku moja mabegi yalikuja usiku, tumekaa na nguo za jasho, tunapiga simu wanajibu Kifaransa tu. Waliomba radhi na kulipia chakula cha jioni, sawa, ila kwa hela ile sikutegemea. Na pia viti vya baiskeli ni vigumu sana, nenda na kava lako la jeli. Baiskeli zenyewe nzuri, breki safi. Wifi alichukua ya umeme, mimi ya kawaida, na kwenye vile vilima vya Volnay nilimwonea wivu wazi wazi.

Beaune msiiache bila kuingia Hospices, hospitali ya maskini iliyoanzishwa 1443 na Nicolas Rolin na mkewe Guigone de Salins, paa la vigae vya rangi, ukumbi mrefu wa vitanda. Wagonjwa wamelazwa mle mpaka 1971. Hospitali ilikuwa inarithishwa mashamba ya zabibu na watu, na mpaka leo mvinyo wake unapigwa mnada kila mwezi wa 11, tangu 1859, hela inaenda kwenye tiba. Hili lilinigusa sana kuliko Montrachet, niseme ukweli.

Baada ya Santenay unafuata mfereji wa Canal du Centre, tambarare tupu, boti zinapandishwa na kushushwa kwenye milango ya maji, kisha Givry unaingia Voie Verte, reli ya zamani iliyowekwa lami mwaka 1997, kilomita 44 mpaka Cluny bila gari. Hii hata mtoto anaiweza. Njiani kuna Taizé, ile jumuiya ya Kikristo iliyofanya mikutano ya vijana Nairobi 2008 na Kigali 2012, wenye nyimbo zile za kurudiarudia, tulikaa kwenye sala ya jioni. Cluny abasia yake, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa 910, kanisa lao lilikuwa kubwa kuliko yote ya Wakristo mpaka lilipojengwa la Mtakatifu Petro Roma, leo kimebaki kipande tu. Ukiendelea kuelekea Mâcon kuna handaki la reli la kilomita 1.6, vaa sweta, na wakati wa baridi linafungwa kwa ajili ya popo.

Kufika: kutoka Paris, stesheni ya Gare de Lyon, treni ya kasi ya TGV mpaka Dijon ni saa moja na nusu hivi, Beaune ni kama dakika 20 zaidi kwa TER, treni ya kawaida ya mkoa, na kwenye TER baiskeli hulipii. Miezi mizuri ni wa tano na wa sita, au mwanzoni mwa wa kumi majani yakianza kuwa ya dhahabu. Wakati wa mavuno hoteli zinajaa na matrekta yanabana njia, na wa saba na wa nane jua la mchana kwenye yale mashamba halina kivuli hata cha mti mmoja.